Kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya kumtunza farasi wa timu, yule anayekimbia uwanjani timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani ikifunga

Jumamosi iliyopita nilisimama pembeni ya uwanja wa mazoezi nikiwatazama, na muda wote nilijizuia kupiga kelele kwa sababu farasi alikuwa karibu. Mmoja wenu alikuwa amejizungushia kamba kiganjani, mkono wa pili umeshika simu, anajirekodi. Mwingine alipita nyuma ya farasi kwa kunyata, eti asimsumbue. Wa tatu alikaza mshipi wa tandiko asubuhi, akaona kazi imekwisha. Makosa haya haya niliyaona kwa kikosi kilichowatangulia, na wakubwa wangu waliyaona kwetu. Basi naandika, msije mkasema hamkuambiwa.

Najua mmekuja kwa mapenzi. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki hatukukulia na farasi. Mtoto wa Lamu anamjua punda. Wa Nairobi labda alipelekwa Ngong siku ya mashindano, akawaona masaisi wanatembeza farasi kabla ya mbio. Halafu unafika chuoni Marekani, unaona uwanja mzima unainuka kwa sababu mnyama mmoja ametokeza kichwa handakini, ile njia ya chini ya majukwaa inayoingia uwanjani. Nani asingetaka kuishika kamba ile? Itakeni. Ila mjue kwamba watu wanaona sekunde ishirini, na kazi yetu ni wiki nzima inayozizunguka sekunde hizo.

1. Kamba haizungushwi mkononi. Ikunje, ushike mikunjo katikati, ili farasi akiruka uweze kuachia na bado uwe na vidole vyako. Farasi wa kilo 500 akishtuka, misuli yako haina la kumfanya. Na simu ibaki garini.

2. Usinyate. Farasi anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa ya mkia wake na sehemu ndogo iliyo mbele ya uso wake, hasa chini ya pua. Ukinyata sehemu hizo unafanya kama simba anavyofanya, naye amezaliwa akijua simba hufanya nini baada ya hapo. Sema naye. Mguse begani, pitisha mkono mgongoni mpaka matakoni unapomzunguka, ajue muda wote uko wapi. Semeni naye Kiswahili kama ndicho kinachowatoka kwa utulivu, hakuna atakayewazuia. Tulikuwa na farasi mmoja wa kijivu ambaye sisi wa Kiswahili tulimwita Mzee kwa sababu ya nywele nyeupe juu ya macho yake. Alikuwa akisikia "twende, Mzee" anainua mguu wa kulia kabla kamba haijakaza. Mkuu wetu alijaribu maneno hayo kwa lafudhi yake, Mzee akamgeuzia sikio moja tu na kuendelea kutafuna.

Macho yake pia yanachelewa kuzoea mwanga kuliko yetu. Ukimtoa kwenye handaki lenye giza ukamwingiza ghafla kwenye taa za uwanja, kwa muda anakuwa kama amefumbwa macho, na muda huo ndio kuna bendi, moshi, wasichana wanaotikisa mashada ya karatasi, na kamera inayopita juu kwenye nyaya. Simama mita chache kabla ya mdomo wa handaki. Mwache ainue kichwa, akishushe, apulize pua. Mtu wa televisheni atakupungia mkono uharakishe, mwache apunge. Na zege na viatu vya chuma havipatani kabisa: mikeka ya mpira itandazwe handakini kabla mageti ya mashabiki hayajafunguliwa.

3. Tachidauni, yaani bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja, si yako mpaka mwamuzi aseme ni tachidauni. Hata hapo, subiri kwanza. Tazama kama kuna kitambaa cha njano kwenye nyasi, kile ambacho waamuzi hutupa kuonyesha kosa, tazama kama wanakwenda kwenye marudio ya video, tazama mkono wa mtu wetu wa pembeni. Nyote mnajua gari la Chuo Kikuu cha Oklahoma, lile la turubai linalovutwa na poni wawili, Boomer na Sooner, tangu 1964. Katika Orange Bowl, moja ya mechi kubwa za mwisho wa msimu zinazoitwa "Bowl", ya Januari 1, 1985, dhidi ya Chuo Kikuu cha Washington, timu zikiwa 14–14, Oklahoma walipiga mpira ukapita katikati ya milingoti. Gari likatoka mbio kushangilia. Kumbe kitambaa kilikuwa kimeshatupwa, bao limefutwa. Poni wako katikati ya uwanja, waamuzi wakaongeza adhabu ya yadi 15 kwa utovu wa nidhamu. Mpira ukapigwa tena, safari hii kutoka yadi 42, ukazuiwa. Washington wakashinda 28–17. Poni hawakukosea chochote. Walikwenda walikoelekezwa. Ndiyo maana siwaachii mjiamulie wenyewe wakati wa kutoka, hata kama mnajua sheria za mchezo huu kuliko mimi.

Gari hilo hilo lilipinduka Oktoba 19, 2019, kwenye mechi na West Virginia, lilipokata kona likisherehekea. Waliokuwa juu walimwagika kwenye nyasi mbele ya kamera zote, poni walisalimika. Mkiona gari linavutwa na poni wadogo msidhani hatari nayo ni ndogo. Uzito ukihamia nyuma na kona ikiwa kali, magurudumu yanainuka. Wanaopanda wakae walipopangiwa, na hakuna anayesimama.

4. Mshipi wa tandiko hukazwa mara tatu. Mara ya kwanza unapotandika. Wengi wao hujaza kifua hewa, na ukimaliza wanaitoa, mshipi unalegea. Mara ya pili baada ya kumtembeza. Mara ya tatu handakini, kabla mpandaji hajakamata vigwe. Pitisha vidole chini ya ngozi, usitazame kwa macho tu. Kagueni pia mishono na vikuku, maana kamba hukatikia pabovu.

Hapa naomba msikilize kwa makini. Septemba 3, 1994, huko Lubbock, kwenye mechi ya vyuo vya Texas Tech na New Mexico, mpandaji aliangushwa na farasi wake aliyeitwa Double T. Farasi akakimbia peke yake kuelekea njia ya kutokea, akagonga ukuta wa uwanja, akafa pale pale. Texas Tech hawakuwa wageni wa mambo haya. Mpanda farasi wao mwenye barakoa alikuwa ameiongoza timu uwanjani tangu Gator Bowl ya Januari 1, 1954. Miaka arobaini ya uzoefu, na bado ilitokea.

Mimi sikuwepo, lakini kila ninapopanga watu wangu namfikiria farasi yule. Farasi akibaki bila mtu mgongoni hakimbii ovyo. Anarudi alikotokea, kwa sababu huko ndiko alikomwacha mwenzake, ndoo yake na trela yake. Kwa hiyo mdomo wa handaki haubaki wazi hata mara moja. Watu wawili wanasimama pale mechi nzima, mikono mitupu, na kazi yao si kumrukia bali kupanua mikono, kumpunguza mwendo, kumgeuzia uwanjani kwenye nafasi. Nikikupanga handakini usinung'unike kwamba umenyimwa nafasi ya kuonekana. Nimekupa nafasi ya mtu ninayemwamini.

5. Maji. Hapa nitakaa kwa muda, maana kosa hili nililifanya mimi, na ndilo lililonifundisha kazi.

Ilikuwa mechi ya mji wa tatu, si kwetu wala kwa wapinzani, safari ndefu ya trela. Tulifika usiku, tukamweka Mzee kwenye banda la kukodi katika viwanja vya maonyesho ya kilimo. Nikamtundikia ndoo mbili za lita 20, nikamwekea majani makavu, nikaenda kulala garini. Asubuhi nikakuta ndoo moja imejaa hadi juu, nyingine imepungua nusu. Nikajiambia: ile iliyojaa mwenzangu wa zamu ameijaza tena, hii ya pili Mzee anaendelea nayo. Mwenzangu alikuwa amepita alfajiri, naye akajiambia kwamba mimi ndiye niliyejaza. Hatukuulizana. Ile iliyopungua Mzee aliisukuma kwa pua ikamwagika. Maranda ya upande wa ukuta yalikuwa yamelowa. Niliyaona. Nilisema ni mkojo.

Maji ya mji ule yalinuka dawa, na farasi wengi hukataa maji wasiyoyajua. Mzee hakuwa amekunywa kitu tangu tulipompakia. Mavi yake pale bandani yalikuwa machache, makavu, vidonge vidogo vigumu. Hayo nayo niliyaona, nikayazoa, nikayatupa. Kisha nikafungua daftari, kwenye safu ya maji nikaandika: amekunywa vizuri.

Mchana ulikuwa wa jua kali. Mkuu wetu alinipigia simu kuuliza hali, nikamwambia Mzee mzima. Daktari wa zamu alipita, akasoma daftari, akampima joto, likawa ndani ya kawaida, akaenda kwa farasi wengine. Mechi ilianza saa mbili usiku. Timu yetu ilifunga, ikafunga tena, na kila mara Mzee alitoka kwa shoti, mkia juu, uwanja unatetemeka. Kuna picha za usiku ule ambazo watu bado wanazituma. Mimi siwezi kuzitazama.

Tulipomrudisha kwenye trela alianza kuparapara sakafu kwa mguu wa mbele. Nikadhani ana njaa. Akageuza shingo akatazama ubavu wake, akarudisha kichwa, akatazama tena. Akainua mdomo wa juu, meno nje. Halafu akakunja magoti kutaka kulala, mle mle ndani, akiwa amefungwa. Tukamtoa haraka kwenye maegesho, mashabiki wanapita wanapiga honi za ushindi. Mapigo ya moyo ya farasi aliyetulia ni 28 hadi 44 kwa dakika. Nikayahesabu yakapita 60. Nikaweka sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima linanguruma muda wote, mkifika bandani leo lisikilizeni. Lile la Mzee lilikuwa kimya.

Daktari alikuja mbio. Swali lake la kwanza: amekunywa mara ya mwisho lini? Mkuu wetu akanigeukia. Nikafungua daftari, nikawasomea mwandiko wangu mwenyewe, na nilipokuwa nikisoma ndipo maranda yale yaliyolowa yaliponirudia. Nikasema mbele ya wote: si kweli, sikuangalia.

Farasi hawezi kutapika. Kitu kikiziba tumboni, kimeziba. Daktari alimpitishia mpira puani hadi tumboni, akamtia maji na mafuta, akamchoma sindano ya maumivu, akatuambia tumtembeze kidogo kidogo na tusimwache ajibiringishe. Nilimtembeza usiku kucha kwenye lami ile. Kuna wakati alisimama akaegemeza paji la uso wake kifuani mwangu kwa uzito wote, na sikujua kama ananiomba kitu au amechoka tu. Nikawa namwambia pole, Mzee, pole. Kulipokucha alinya. Watu wazima tulishangilia mavi kwa nguvu ambayo hatukuitumia kwenye tachidauni hata moja.

Alipona, lakini msimu ule hakurudi uwanjani, na baadaye mkuu wetu akaamua apumzike moja kwa moja shambani. Mkuu hakunifukuza. Aliniambia jambo moja: watu wote walio juu yako waliamua kwa kusoma ulichoandika. Daktari, yeye mwenyewe, mpandaji, hata wale wa televisheni. Mtu pekee aliyeweza kumzuia Mzee asikimbie usiku ule alikuwa saisi mwenye kalamu.

Kwa hiyo, wadogo zangu, tepu nyekundu za kupimia maji mnazoziona ndani ya kila ndoo ni kwa ajili hiyo. Andikeni lita, msiandike maneno. Farasi mkubwa anahitaji lita 20 hadi 40 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Anayejaza ndoo anatia sahihi na saa. Hesabuni mavi, mseme yalikuwaje. Tunasafiri na maji ya nyumbani kwenye mapipa, na wiki moja kabla ya safari tunaanza kutia juisi kidogo ya tufaha kwenye ndoo, ili maji ya ugenini yawe na ladha anayoijua. Maranda yakilowa, inama uyanuse.

Na ukiona jambo lolote, sema: leo hakimbii. Maneno hayo ana haki ya kuyasema hata aliyejiunga jana. Atakayekujibu kwamba mdhamini analipa, au kwamba wahitimu wamesafiri mbali kuja kumwona, mlete kwangu. Mashabiki watakosa farasi Jumamosi moja na mechi itachezwa vile vile.

6. Kelele hufundishwa nyumbani. Muziki wa bendi uanze kwa sauti ya chini wakati wa kula, upandishwe wiki baada ya wiki. Bendera, moshi na mizinga huja baadaye, kimoja kimoja, na mwenzake aliyezoea awe karibu. Florida State walianza 1978 kumtoa Renegade, farasi wa aina ya Appaloosa, na mpandaji wake Osceola aliyebeba mkuki unaowaka, anaouchoma katikati ya uwanja. Fikirini subira inayohitajika mpaka mnyama akubali moto kando ya jicho lake. Traveler, yule mweupe wa Chuo Kikuu cha Southern California (USC) tangu 1961, anakimbia huku bendi ikipiga kwa nguvu zote. Mkiwaona wametulia namna ile, msiseme ni wapole kwa asili. Kuna mtu aliamka mapema miaka mingi. Pamba masikioni si aibu, tutumie.

7. Mashabiki. Mmoja wenu akae kichwani mwa farasi, mwingine awatazame watu, na asiyafanye yote mawili mtu mmoja. Watoto waje kutoka upande wa bega, wamguse shingoni, si usoni. Hakuna kumlisha chochote kutoka kwenye kibanda cha vyakula, hata kama anaomba. Ataomba! Poni ndio hodari zaidi wa kuomba. Kwa kuwa ni wafupi, kila mtu anawaona kama mdoli wa kukumbatia. Nimeona poni aking'oa manyoya yote ya kofia ya mpiga tarumbeta aliyeinama kufunga kamba za kiatu, kisha akasimama akitazama mbali kwa heshima zote. Chuo cha Southern Methodist (SMU) wamekaa na poni wao mweusi, Peruna, tangu 1932, na anayeishika kamba yake anajua kwamba ufupi haupunguzi meno wala kwato.

Na weka umbali na wanyama wa wapinzani. Kabla ya Sugar Bowl ya Januari 1, 2019, Bevo, maksai wa Chuo Kikuu cha Texas, alivunja uzio wake akielekea kwa Uga, mbwa wa Georgia, na watu wakatawanyika. Hakuna picha ya pamoja inayostahili hatari hiyo.

8. Mjue farasi wako akiwa mzima. Joto 37.5 hadi 38.5, pumzi 8 hadi 16 kwa dakika, ufizi wa waridi unaorudisha rangi ndani ya sekunde mbili ukiubonyeza kwa kidole. Pima Jumanne, pima Jumatano, akiwa hana tatizo lolote, ili Jumamosi uwe na cha kulinganisha. Kuna wanaojua historia ya mashabiki wetu tangu mwanzo na hawajui mguu upi farasi wao hupenda kupumzisha. Wa Murray State, Kentucky, ambako farasi wa mbio huzunguka uwanja kila timu ikifunga, walimzika mmoja wao, Violet Cactus, pale pale uwanjani. Alianza mwaka 1976. Watu wanaomzika farasi kwao wamemjua vizuri.

Ijumaa tunapakia saa kumi jioni. Cheti cha kipimo cha damu na cha afya vya farasi wote wawili viwe kwenye mfuko wa mlango wa trela, nakala nyingine kwa dereva. Tairi la akiba lijazwe upepo Alhamisi, si njiani. Mapipa ya maji ndiyo ya kwanza kupanda. Viatu vifunike vidole. Zamu ya usiku wa kwanza bandani nitakaa mimi, na nataka mmoja wenu akae nami mpaka alfajiri. Atakayetaka aandike jina lake chini ya langu kwenye ubao.